Buti za Luo Jingtang, Mkuu wa Wilaya ya Heling

Kaka yetu mpendwa Luo Jingtang alizaliwa mwezi wa tatu, mwaka wa saba wa enzi ya mfalme Daoguang, hapa hapa Shiqiao, mkoani Zhejiang, mtoto wa kwanza wa mzee Luo Demao, mpika pombe ya mchele. Mimi Jingming ni mdogo wake.

Shuleni alikuwa na kichwa chepesi, ila fimbo aliiogopa mno. Mwalimu akikohoa tu, kaka ameshanyoosha kiganja! Nyumbani tulimcheka mpaka machozi. Alifaulu mtihani wa mkoa mwaka wa pili wa mfalme Xianfeng, na mwaka uliofuata akamwoa Bi Shen Yulan, mwanamke asiyemumunya maneno.

Mwaka wa kwanza wa mfalme Guangxu aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Heling, mkoani Shanxi. Mwaka wa tatu mvua haikunyesha, watu wakala magome ya miti. Ghala la serikali, nyuma ya ofisi yake, lilikuwa na mtama.

Shemeji alimwambia, "Fungua, baba Wenbin. Njaa haingoji muhuri."

"Nikifungua bila ruhusa ya mkoa, watanivua kofia hii ya cheo."

"Si wakuvue! Kwani kichwa kitadondoka?"

Hakufungua. Ruhusa ilifika baridi ilipokwisha, na vijiji vizima vilikuwa vimekwisha pia.

Ukoo umenitaka nisome mazishini hapa kwamba alipoondoka Heling, watu walimvua buti ili zitundikwe langoni, heshima ya mkuu aliyependwa. Ni kweli walimvua. Lakini makarani ndio waliowaburuta pale, nami nilikuwepo. Mjane mmoja, mifupa mitupu, aliikumbatia buti moja.

"We bibi, inatundikwa hiyo!" karani akamfokea.

"Tundikeni ile nyingine. Hii ni ngozi, nakwenda kuichemsha."

Kaka alisikia. Sote tulisikia. Aibu ile, jamani, mpaka leo inanichoma uso.

Hakushika tena wadhifa wowote. Aliugua kifua miaka miwili. Homa ikipanda alipiga kelele, "Fungueni!" na shemeji akamjibu, "Tumeshafungua, lala." Alifariki tarehe tisa, mwezi wa kumi, mwaka huu wa tisa wa Guangxu, akiwa na miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane, wana wawili, Wenbin na Wenhui, binti mmoja na wajukuu watano. Watu wa Heling waliomtangulia kwa sababu yake ni wengi, wala hatuna jina lao hata moja la kusoma hapa.

Kaka yetu apumzike, wale wakimruhusu.