Zamu ya Shangazi Mektilda

Padre, mwenyekiti wa kijiji, balozi wetu wa nyumba kumi, wazee wetu, akina mama na ninyi nyote mliokuja kutuzikia leo Jumatatu, tarehe 27 Desemba 1976, mimi ni Nyamizi, binti wa Januarius, nimeagizwa na ukoo niwasomee maisha ya shangazi yangu, sengi wangu, Mektilda Luhaga, na karatasi niliyopewa asubuhi ilikuwa imekwisha andikwa, ila penye kazi imeandikwa kwamba marehemu hakuwa na kazi, hapo nimepiga mstari, mniwie radhi, nitasoma yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 hapa Dutwa, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Luhaga na Bibi Milembe, huyu mnayemwona mkekani, ambaye haoni, na akili nayo inakuja na kupotea, ameambiwa mara nne kwamba bintiye amefariki, na mara zote nne ameuliza tena kwa nini uji wa leo una mkono mwingine.

Alianza shule ya misheni Januari 1940, akafika darasa la nne, mwaka 1943 akatolewa ili wadogo zake, yaani baba yangu Januarius na baba mdogo Joakim, waje kupata nafasi ya kusoma, wakasoma.

Tarehe 14 Juni 1950 aliolewa na Constantine, mkulima wa pamba wa Maswa, kwa ng'ombe kumi na wanane, wakajaliwa mtoto mmoja, Malimi, aliyefariki kwa surua tarehe 2 Agosti 1956, akiwa na miaka minne.

Krismasi ya mwaka 1964 shangazi alikuja nyumbani kula sikukuu, siku tatu tu, nguo mbili kikapuni, akakuta macho ya bibi yamekwisha, na baada ya kula ukakaa ule mkutano wetu wa kila Krismasi wa kupanga nani abaki na mama, ikasemwa Januarius ana ofisi Mwanza, Joakim ana wanafunzi Shinyanga, Mektilda hana mtoto wa kumshughulisha, basi akae yeye mpaka Pasaka, halafu zamu igeuke. Zimepita Pasaka kumi na mbili. Mumewe alisubiri miaka mitatu, akaoa mwingine, na wala simlaumu.

Kazi yake ilikuwa kumwogesha bibi, kumlisha, kumgeuza ubavu, kumsimulia mvua imeishia wapi, na Agosti 1974, serikali ilipotuhamisha kutoka nyumba ya zamani kuja kijiji hiki cha ujamaa, alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe akatembea kando yake njia nzima akimtajia kila tunachokiacha, lambo, zizi, kaburi la babu, na kila siku akitoka kwenye shamba la kijiji jembe begani anaanza upya. Huyo ndiye asiye na kazi.

Sisi tulikuja kila Desemba na mikate na sabuni, naye akitutania, "Ninyi ni Mwenge wa Uhuru, mnapita mnashangiliwa, majivu nafagia mimi," na baba mdogo anamjibu, "Dada, wewe huzeeki bwana," tunacheka, na miguu yake imevimba tunaiona.

Tarehe 9 Septemba mwaka huu daktari kule Maswa alimwambia moyo umechoka, alale wodini wiki mbili, akasema hana wa kumwachia mama, akaandika barua tatu. Baba alijibu, "Tutazungumza Krismasi," baba mdogo akajibu hivyo hivyo, na mimi, nisijifiche, nilimjibu kurasa nne juu ya ukombozi wa mwanamke, nikamwambia agome. Agome vipi, na bibi ana njaa? Wiki hizo mbili nilikuwa likizo ya chuo, nikabaki Dar es Salaam kwa ajili ya mdahalo.

Juzi, Jumamosi tarehe 25, baada ya kula, mkutano ukakaa, shangazi akasema, "Wadogo zangu, mimi nami nazeeka, nataka kulala wiki mbili tu," akaambiwa, "Vumilia mpaka Pasaka," akacheka, kanga mdomoni, akasema, "Haya, ngojeni nimpelekee mama maji," akafika mlangoni na kikombe, akaanguka hapo hapo, akakata roho akiwa na miaka arobaini na mitano, na bibi ndani anaita, "Mektilda, maji." Mimi bado nautazama mlango ule, siamini.

Tunamshukuru daktari aliyemwambia ukweli, jirani yetu Felisita anayemlisha bibi tangu juzi, na akina mama wa shamba la kijiji, wenzake wa kazi, narudia, wa kazi, waliompalilia mstari wake alipochelewa, wabeja sana.

Basi la kesho linapita saa moja asubuhi, na mabegi nimeyaona yamefungwa. Baba, baba mdogo, kwa heshima zote, nasema mbele ya watu ili isije ikawa barua tena, yafungueni. Langu nimelifungua, nitakaa na bibi mpaka chuo kifunguliwe tarehe 17 Januari, siku hiyo baba atapokea, baada yake baba mdogo, na balozi amesikia.

Sengi, lala sasa kwa amani, zamu yako imekwisha.