Modesti na Shamba Lisilo na Ntumba

Baba Paroko, wazee wetu wa Kasense, ndugu mliopanda kutoka Milepa na marafiki wa Majengo mliofunga maduka yenu leo, familia ya Mzee Isdori Tenganamba imemtuma Loth, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya Modesti tangu alipozaliwa hadi alipotutoka.

Modesti alizaliwa hapa Kasense tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mama Getruda na marehemu Mzee Isdori, na kabla hajajua kusoma alikuwa amelijua jembe, kwa maana kila masika alishinda na mama yake wakifyeka nyasi na kuzifukia chini ya matuta ya duara, ambayo wageni watusamehe tukiyaita ntumba, zioze humo kiangazi chote hadi mvua zirudi, ndipo matuta yasambazwe na ulezi upandwe.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini mwaka 1994 hadi 2000, na sekondari mjini Sumbawanga mwaka 2001 hadi 2004, ambako mwalimu wa jiografia alizoea kusema kwamba kijana huyu akiitazama ramani anasikia maji yakipita.

Julai 2006 alijiunga na jeshi, akafundishwa kusoma picha zinazopigwa kutoka angani, akapanda hadi cheo cha sajenti. Tarehe 12 Oktoba 2013 alifunga ndoa takatifu na Agnesi, wakajaliwa watoto wawili, Jenifa mwaka 2014 na Basil mwaka 2017.

Februari 2022, serikali yetu na ya nchi rafiki zilipokubaliana kupambana na magaidi kwa pamoja, Modesti alipelekwa huko kusoma picha katika kikosi cha pamoja, na tunasema wazi kwamba magaidi walikuwepo, walichinja watu na kuchoma vijiji, na aliyekwenda kuwazuia hakwenda kufanya jambo la aibu.

Tarehe 9 Juni 2022 ililetwa picha ya bonde lenye matuta ya duara yaliyopangwa mistari. Mkuu wa upande wa wenzetu, mtu wa rika la baba yetu, ambaye wiki mbili nyuma alizika vijana wake kumi na mmoja waliopigwa na adui aliyejificha katika mashimo yaliyofunikwa kwa udongo na nyasi, aliona mashimo yaleyale. Modesti aliona ntumba. Akaulizwa ana hakika kiasi gani, naye, kwa kuwa kwetu mtoto hamwambii mtu mzima kwamba najua, akajibu kama alivyolelewa, “Nadhani ni mashamba, mzee wangu.” Mkuu akasema askari hawalindwi kwa “nadhani”, na ndege ikaruka.

Siku mbili baadaye alikwenda pale kwa miguu pamoja na doria, akakuta majembe, akakuta kanga, akaingiza mkono ndani ya tuta moja lililosalia, likawa na joto la nyasi zinazooza, joto analolijua kila mtoto wa Ufipa. Waliokufa walikuwa kumi na wanne.

Tarehe 17 Juni taarifa ya pamoja iliandikwa kwamba maficho kumi na manne ya adui yameharibiwa, ikahitaji sahihi ya msoma picha, na Modesti alielezwa kwa upole kwamba asiposaini, udugu wa mataifa mawili utaingia doa. Alisaini. Alipewa hati ya shukrani yenye mihuri miwili, ambayo Agnesi ameitunza sandukuni kwa sababu mumewe hakutaka kuiona wala hakuthubutu kuichoma.

Alirudi nchini Januari 2023, akaacha kazi Juni mwaka huo kwa ombi lake mwenyewe, akarudi kulima. Wengi wenu mlimcheka, na hatuwalaumu, maana hamkuambiwa. Alilima shamba bapa, akapanda ulezi juu ya udongo mtupu, ukatoka umedumaa kama nywele za mgonjwa. Jirani yetu Enock alimuuliza kama jeshini hufundishwa kuogopa udongo, na mama yake mwenyewe alimwambia, “Baba, umerudi na mikono ya karani,” maneno ambayo Mama Getruda ametuagiza tuyasome ili yasibaki yakimla yeye peke yake. Modesti alicheka pamoja nao. Agnesi ndiye aliyejua kwamba mumewe hakuweza kuinua tuta hata moja.

Agosti mwaka huu wa 2025 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa, na kwa ulimi uliobaki alimsimulia Loth haya yote, akirudia neno moja, kwamba angesema najua. Alifariki katika hospitali mjini Sumbawanga tarehe 21 Novemba 2025, saa tatu asubuhi.

Jana alikuja mgeni mmoja, mwenye adabu kabisa, akaomba tusome tu kwamba marehemu alilitumikia taifa nje ya nchi kwa uaminifu. Mama Getruda alimkaribisha chai, akamjibu, “Mwanangu, huyo aliyelala ndani kawatunzia kimya chenu miaka mitatu. Mkitaka kingine, mtafuteni mwenye pumzi.” Mgeni alikunywa chai yake akaondoka, nasi tunaamini naye ana mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliochimba kaburi na kupika, Enock ambaye tangu juzi hajatoka hapa, na wenzake wa kazi mliokuja bila sare. Wale kumi na wanne tungewataja, lakini majina yao hayakuandikwa katika taarifa.

Ameacha mama, ndugu zake, mjane, watoto wawili na ombi moja, kwamba kaburi lake lisiinuliwe. Kwa hiyo tukishamzika, msishangae mkimwona Mama Getruda ameshika jembe, atausambaza udongo ule mpaka uwe bapa, kama tunavyosambaza ntumba msimu huu, na juu yake atapanda ulezi.

Modesti, tunajua yalikuwa mashamba. Pumzika kwa amani ile uliyotumwa kuitafuta.