Mwacheni Alale: Wasifu wa Marehemu Dkt. Justa Mwakalobo (1974–2025)

Dada yetu Justa alizaliwa Lufingo tarehe 14 Mei 1974, mvua ikinyesha, kama kawaida ya huku kwetu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Bi. Doreen na marehemu Mzee Asajile.

Shule ya msingi alisoma hapo hapo Lufingo. Alfajiri alichota maji kwenye ukungu, darasani akasinzia, na viboko akavipata. Bibi yetu alimtania: "Huyu anaanza kuota kabla hajalala." Mwaka 1999 alihitimu saikolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2011 akapata shahada ya uzamivu.

Alitafiti jinsi ubongo wa vijana unavyokua, na jinsi huzuni inavyowaingia wasipolala vya kutosha. Sisi husalimiana "Ugonile?", yaani umelalaje, lakini alisema jibu hatulisubiri. Kwenye kikao cha wazazi Kiwira aliwaomba, "Kijana amechoka, mwacheni alale." Baba mmoja akauliza, "Sasa Daktari, maji atachota nani?"

"Utachota wewe, baba. Ubongo wako ulishamaliza kukua."

Ukumbi mzima ulicheka, na yule baba naye akacheka.

Mwaka 2006 alifunga ndoa na Mwalimu Hezron, wakajaliwa binti mmoja, Lugano. Nyumbani kwao Makandana chumba cha binti kilikuwa na pazia zito, na jogoo alihamishiwa kwa jirani.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani. Lugano alimuuguza bila kubanduka. Alhamisi tarehe 10 Aprili 2025, alasiri, ukungu umeziba madirisha, binti alipitiwa na usingizi wa pono, kichwa chake kwenye mkono wa mama. Pumzi za dada zilipobadilika, mimi mdogo wake Rodrick nilinyoosha mkono nimwamshe mtoto. Dada akafumbua macho.

"Mwacheni alale," akasema. Hakusema tena.

Tangu siku hiyo Lugano halali. Ananiambia, "Mjomba, mama alikufa mimi nimelala." Inaniuma sana.

Marehemu ameacha mume, binti, mama yetu na sisi ndugu wanne. Lugano, hukumtupa mama yako. Alikuona umelala, akataka iwe hivyo.

Jamani, baada ya mazishi pazia lile la chumbani kwa Lugano litashushwa. Wenye pole zenu kwa mtoto, njooni kesho. Mama yake apumzike kwa amani, naye mwacheni alale.