Pombe Inayojua Njia ya Nyumbani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na sisi wa benchi ya nyuma. Nianze na ujinga wenyewe: nilichanganya kahawa na bia ndani ya flaski ya mama, nikafunga kifuniko, nikaenda kucheza mpira.

Bia ilibaki siku dada yangu alipoposwa. Mjomba aliificha chini ya kitanda changu, akaisahau. Kahawa ni ile ya paketi ndogo ya dukani. Hapa Merigi kila mtu hunywa chai, kwa hivyo niliona soko liko wazi kabisa. Jina pia nilikuwa nalo: kahabia. Rafiki yangu Otieno akaniambia, "Msee, hebu sema hiyo mbio mbio mbele ya pasta uone kama hutachapwa."

Chekeni tu. Lakini wazo lilitoka mahali. Mnamjua baba yangu. Kabla aokoke, alikuwa akilewa anasahau njia. Tulimtoa kwa mtaro, tukamtoa kwa zizi la jirani, na siku moja tukamtoa hapa hapa nje ya kanisa, nyinyi mkatusaidia kumbeba. Nilikuwa mdogo, nikijiuliza kwa nini bia haina kitu ndani cha kumkumbusha mtu kwamba ana nyumba. Kahawa si huamsha? Ndugu zangu, mimi nilikuwa natengeneza pombe inayojua njia ya nyumbani.

Sasa, kahawa na bia nyeusi zikikutana zinafanana na strungi, ile chai yetu isiyo na maziwa. Baba alitoka kupeleka majani ya chai kituoni, amelowa mvua, akajimiminia kikombe kutoka kwa ile flaski. Mimi narudi kutoka mpira namkuta amesimama mezani, kikombe kimefika nusu. Alikiweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akachukua kikapu chake, akatoka.

Mama akaja kutoka kukamua ng'ombe, akanusa kikombe.

"Kibet, baba yako ameenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Amekunywa hii?"

"Kidogo."

Akaketi. Hakunichapa, na hapo ndipo niliogopa. Mbele ya lango letu njia inagawanyika: moja inapanda sokoni, kwenye baa, nyingine inateremka kwa shamba la chai. Kwa ile mvua hatukuona ameshika ipi. Mimi ambaye hulala wakati wa maombi niliomba macho wazi, nikiangalia mlango. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, Mungu, mrudishe tu, na hii kahabia nimekoma.

Baba alirudi. Kikapu kilikuwa mgongoni, kimejaa majani ambayo hakuna mtu angeyanunua, maana lori la chai lilikuwa limeshaenda. Alisema miguu ilifika njia panda ikataka kupanda, kwa hivyo akaipa kazi. Kisha akaniangalia.

"Na wewe, hiyo kitu yako ni mbaya. Hata wakati ule wa ulevi singeimaliza."

Ndugu zangu, wengi hapa mmeshuhudia jinsi Mungu alivyowatoa kwenye pombe. Mimi nashuhudia alivyomtoa baba kwenye pombe yangu. Nilidhani mtu hupotea kwa sababu amesinzia. Baba alikuwa macho kabisa pale njia panda, na bado alihitaji kushikwa mkono. Kama mtu wako amesimama pale leo, mwombee, hata kama huombi vizuri. Mwachie yule anayemwona kwa mvua wakati wewe humwoni. Na asanteni kwa kumbeba siku ile.

Baba aliporudi na kile kikapu, mama ndiye alimfungulia mlango. Alimkaribia uso kwa uso, akamnusa, vile alivyokuwa akifanya zamani kila jioni. Halafu akamsaidia kutua kikapu, akasema:

"Ingia. Leo tunakunywa chai kutoka kwa sufuria, nikiiona ikichemka."