Yai la Mama Mdogo

Juzi tulilisogeza benchi letu hadi ukutani, nje ya kibanda cha Fundi Cherehani, kwa sababu Kinyozi alilalamika kwamba jua linampiga kisogoni. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, na leo asubuhi hakuna aliyegusa kikombe. Mama Mdogo, kuku aliyeachwa na marehemu mke wa Fundi, alikuwa ametutumua manyoya, mkia unapanda na kushuka, anajikamua, na yai halitoki. Fundi alikuwa amechuchumaa kando yake, macho mekundu, akidai ni vumbi la vitambaa.

— Tangu jana, Fundi akasema. Na huyu hutaga kabla sijafungua cherehani.

— Ni jicho hilo, Kinyozi akasema. Mteja wangu mmoja alimsifia mno.

— Jicho wapi, bwana! akadakia Injinia, fundi redio aliyejipa cheo mwenyewe. Ni mnara wa simu. Mawimbi yanapita tumboni, yai linapoteza mwelekeo.

— Mbona kuku wengine wanataga? Kinyozi akauliza.

— Wengine hawasikilizi redio zangu.

— Basi ni mapenzi. Jogoo wa jirani nimemuona na mwingine.

— Kuku anataga hata bila jogoo, wewe!

— Anataga, lakini kwa kinyongo.

Mimi nikashauri tumpe kahawa kidogo. Naona aibu kusema, lakini nilishauri.

— Nyamazeni! Fundi akapaza sauti. Mke wangu kaniachia huyu tu wa kuniamsha asubuhi. Akifa huyu…

Kinyozi akamwekea mkono begani.

Ndipo akaja mkunga wa zahanati, kafuata sare yake iliyokuwa ikishonwa. Hakuuliza sare. Alipiga magoti, akampapasa Mama Mdogo tumboni kwa vidole viwili, taratibu.

— Yai lipo, zima kabisa. Anajizuia huyu. Kwani huwa anatagia wapi?

Nilimtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Injinia, Injinia akautazama mnara. Fundi peke yake alitazama chini ya benchi. Pale palikuwa na beseni bovu ambalo marehemu alilitandikia vitambaa, na ndani yake miguu yetu sita, na vumbi lake lote.

— Nyanyukeni, jamani, akasema kwa upole.

Tukalibeba benchi hadi lilipokuwa zamani. Mama Mdogo akalizunguka beseni mara mbili, akaingia. Mkunga akatuamuru tugeuke, nasi tukageuka, wanaume wazima tumesimama tunatazama barabara, kahawa inapoa. Hatukuthubutu hata kukohoa.

Mama Mdogo aliposhangilia yai lake, mtaa mzima ulisikia. Fundi akalia, na safari hii hakusingizia vumbi.

Jua lilimpiga Kinyozi kisogoni mpaka adhuhuri. Alijifunika taulo lake la kunyolea, akaomba kahawa.