Si Kila Uvimbe wa Shingo ni Rovu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Mchungaji, Ndugu Mganga Mfawidhi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wauguzi mliosimama nyuma ilhali mlistahili viti vya mbele:

Kwanza naomba radhi kwa ukimya wangu. Kwa miezi minane mimi, Yotamu, mwalimu mstaafu wa Ilomba, sikufika vikaoni wala sikujibu barua zenu. Nilikuwa naficha uvimbe wa shingo.

Nani kati yetu, watu wa nyanda hizi za juu, hajapata kumwona bibi mwenye rovu? Basi nikajiamulia kuwa ni rovu. Mke wangu, Esnath, alinunua chumvi yenye madini joto kule Mbalizi, akaimimina mbogani hata mbwa akasusa.

Mkwe wetu Frida, mke wa mwanetu, ni muuguzi katika hospitali hii. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkwe hamtazami baba mkwe. Siku moja alisimama mlangoni, macho chini, akasema:

“Mama, mtazame Baba akimeza mate. Uvimbe unapanda?”

“Haupandi. Uko palepale, pembeni.”

“Rovu hukaa mbele ya koo, nalo hupanda mtu akimeza. Baba, mtu mzima mwenye uvimbe usiopungua hatibiwi kwa chumvi. Twende hospitali. Nisamehe, nilikutazama.”

Ndugu zangu, mnaelewa alichokivunja kwa ajili yangu?

Juma lililopita nililala kwenye mashine hii ya CT tunayoizindua leo. Asukile, mpiga picha, niliyemfundisha darasa la nne, alinichoma dawa ya kung’arisha mishipa, akasema, “Mwalimu, usimeze, usikohoe, na tafadhali usinisahihishe!” Nikatii.

Je, mmewahi kuiona shingo yenu imekatwa vipande vyembamba kama mkate, bila kisu? Mimi nimeiona! Daktari alinionyesha uvimbe, akanionyesha kuwa haujaushika mshipa mkubwa wa damu. Kisha akashuka hadi kwenye shina la ulimi, akagusa kidoa kidogo kuliko punje ya mahindi. Chanzo kilikuwa hapo! Kipimo cha nyama iliyonyonywa kwa sindano kutoka kwenye uvimbe kimethibitisha kuwa ni saratani. Esnath alilia, mimi niliomba kuonyeshwa picha mara ya pili, kwa maana nilichokiogopa gizani sasa kina mahali na kipimo.

Alhamisi jopo la madaktari litaamua: upasuaji au mionzi. Mwenye uvimbe asingoje habari zangu. Chumba kiko wazi na Asukile yupo. Nawashukuruni kwa kunitegea sikio. Uamuzi ukitolewa, nitawaandikieni nyote, na barua ya kwanza itakuwa ya Frida.