Zamu ya Mama Korido

Mpimaji wetu wa usikivu, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, ndiye mgonjwa wa kwanza wa Jumanne, tarehe 2 Julai. Daktari mpasuaji wa masikio alilitangaza hilo kwenye kikao cha kliniki, kwa ombi la mpimaji mwenyewe.

Jina lake la Mama Korido alilipatia kazini. Mtu mzima aliyehitaji kifaa cha kupitisha sauti kwenye mfupa wa fuvu hakuruhusiwa kuchagua kwa kutazama picha. Mama Korido alimfunga kifaa cha majaribio kwa mkanda wa kichwani, akamtoa koridoni kwenye makelele ya matoroli, kisha ndugu wa mgonjwa akasimama nyuma yake na kuongea. Seremala mmoja alimsikia mkewe akimsema kwa muuguzi, akavua mkanda na kudai amepona. Alirudi wiki iliyofuata.

Baada ya jaribio, Mama Korido alimweleza kila mgonjwa bila kupamba. Kifaa chenye skrubu iliyotokeza nje ya ngozi hutoa sauti safi, lakini kidonda chake husafishwa kila siku na huweza kuvimba. Kinachofukiwa chini ya ngozi na kushikwa kwa sumaku huiacha ngozi ikiwa nzima, ila upasuaji wake ni mkubwa zaidi, na sumaku huweza kutatiza picha za kichwa baadaye. "Hakiumi," alimalizia.

Mwaka huu tulidhani anaringa: ukimwita kwa nyuma, hageuki. Kumbe usaha wa tangu utotoni ulikwisha kula sikio la kushoto, na la kulia linafuata. Aliyegundua ni wifi yake, aliyemvuta bega koridoni toroli la mitungi ya oksijeni likiwa karibu kumgonga.

"Wifi, miaka yote nasema unajifanya hunisikii!" alimwambia, akacheka peke yake.

Mama Korido anaogopa, na hafichi. Anaiogopa keekee itakayotoboa fuvu. Anaogopa zaidi kufungwa mkanda na asisikie kitu, maana hapo sikio la ndani nalo litakuwa limekwisha, na hakutakuwa na kifaa cha kulinganisha na kingine.

"Nimewaambia wote hakiumi," alisema kikaoni, akitutazama midomo. "Haya, niambieni na mimi."



Tunamshukuru kwa kila aliyetoka hapa akisikia. Tunamtakia mapumziko mema, yenye sauti ndani yake. Jumanne saa tatu asubuhi atafungwa mkanda. Ameagiza matoroli yasisimamishwe. Wifi yake atasimama nyuma.